Panya wa Mkia Mfupi

Mwaka 1927 jarida la Chama cha Biolojia cha Paris lilichapisha makala fupi kuhusu panya wanaozaliwa na mkia usiotimia. Mwandishi wake, Nadine Dobrovolskaïa-Zavadskaïa, alikuwa anakaribia miaka 50, na elimu ya urithi haikuwa fani aliyokulia. Alikuwa daktari wa upasuaji. Alizaliwa Kyiv mwaka 1878, akasomea udaktari St Petersburg, akajishughulisha na ushonaji wa mishipa ya damu wakati ambao madaktari wengi hawakuthubutu kuugusa, na Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka akawa anawahudumia majeruhi. Kisha yakaja mapinduzi, na baada ya mapinduzi vita ya wenyewe kwa wenyewe. Akaihama nchi kama walivyohama wengine wengi, akafika Paris akiwa mkimbizi. Huko hakurudi kwenye chumba cha upasuaji. Alipata nafasi katika Taasisi ya Rediamu, ile iliyojengwa kwa ajili ya Marie Curie, upande wa biolojia uliosimamiwa na Claudius Regaud.

Kazi aliyoifanya hapo ilitaka subira. Alipiga korodani za panya madume kwa eksirei, akawazalisha, akawazalisha na watoto wao, kisha akakagua kizazi baada ya kizazi kuona kama mionzi imeacha alama yoyote inayorithiwa. Mwaka huohuo wa 1927 Hermann Muller wa Marekani alitangaza kwamba eksirei hubadilisha jeni za inzi wa matunda, na tangazo lake lilivuma duniani kote. Makala ya Paris haikuvuma. Ilizungumzia panya, wanyama wanaozaa polepole kuliko inzi, na kasoro ambayo mtu mwenye haraka angeipita bila kuitazama mara mbili: ncha ya mkia wa mtoto mchanga inakufa, inakauka, na kinachobaki ni mkia uliokatika njiani.

Daktari huyu aliitazama, kisha akahesabu. Hesabu yake inastahili kufuatwa hatua kwa hatua, maana ndiyo iliyofungua njia yote iliyofuata. Kila panya hubeba kila jeni katika nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Panya wa mkia mfupi akizaa na panya wa kawaida, nusu ya watoto walitoka na mkia mfupi na nusu na mkia kamili. Kwa hiyo nakala moja tu iliyoharibika ilitosha kufupisha mkia. Je, wawili wenye mkia mfupi wakizaa pamoja? Kwa kanuni za Mendel, katika kila watoto wanne mmoja anatazamiwa kupata nakala mbili nzima, wawili nakala moja moja iliyoharibika, na wa nne nakala mbili zote zilizoharibika. Huyo wa nne akipandishwa na panya wa kawaida, watoto wake wote wangezaliwa na mkia mfupi. Dobrovolskaïa-Zavadskaïa alimtafuta, asimpate. Kila mkia mfupi aliyemjaribu alizaa pia watoto wenye mkia kamili. Uwiano aliouona ulikuwa wawili kwa mmoja, badala ya watatu kwa mmoja. Robo ya watoto ilikuwa haipo.

Mfano wa namna hiyo ulikwisha kuonekana. Lucien Cuénot, mjini Nancy, alikuta uwiano huohuo mwaka 1905 kwa panya wa rangi ya manjano, na miaka mitano baadaye Castle na Little wa Marekani walionyesha kwamba robo iliyokosekana ilikuwa imekufa kabla ya kuzaliwa. Mganga wa Paris alifikia hitimisho lilelile kuhusu panya wake: jeni hii, ikiharibika katika nakala zote mbili, kiumbe hakiishi. Herufi iliyopewa jeni hiyo ilikuwa T. Baadaye ikaitwa pia Brachyury.

Hapo ndipo palipo na jambo ambalo, kwa maoni yangu, linaipa makala hiyo fupi nafasi yake katika historia. Jeni inayofupisha mkia ikiwa pungufu, na kuua ikikosekana kabisa, haiwezi kuwa jeni ya mkia tu. Hakuna mnyama anayekufa tumboni kwa kukosa mkia. Lazima ilikuwa na kazi nyingine kubwa zaidi, na kazi hiyo ilifanyika mapema, ndani ya mimba, mahali ambapo macho hayakufika.

Panya hao walivuka bahari. Leslie Dunn, mtaalamu wa urithi wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, aliwapokea kutoka Paris na kuwafuga. Mwanafunzi wake Paul Chesley ndiye aliyefungua matumbo ya mama zao. Aliwachukua panya wenye mimba siku baada ya siku, akatoa viinitete vidogo kuliko punje ya mchele, akavihifadhi kwa dawa, akavikata vipande vyembamba mno, akavitia rangi na kuvipanga chini ya hadubini. Ripoti yake ilitoka mwaka 1935, na kusoma alichokikuta kunamfanya mtu atulie kidogo. Viinitete vyenye nakala mbili zilizoharibika vilikuwa na kichwa. Moyo ulikuwapo. Vichipukizi vya miguu ya mbele vilianza kuonekana. Kuanzia hapo kwenda nyuma, mwili haukuendelea. Notokodi, ule ufito laini unaopita katikati ya kiinitete na kuonyesha njia ya uti wa mgongo, haukuwapo. Na ule mrija unaotoka nyuma ya kiinitete kwenda kukutana na kondo la mama haukulifikia kondo. Kiinitete kilikufa karibu na siku ya 10 au ya 11, katika mimba ambayo kwa panya huchukua siku 19 au 20.

Mwili wa mamalia husukwa kama ukili, kuanzia kichwani kwenda mkiani, na kila pingili ya mgongo huongezwa nyuma ya iliyotangulia. Msukaji akipungukiwa miyaa, ukili hukatikia karibu na ncha. Akikosa kabisa, hukatikia katikati. Nakala moja ya T huufikisha mwili karibu na mwisho, na kinachokosekana ni mkia. Bila nakala hata moja, mwili hukomea mabegani.

Chesley alieleza alichokiona. Aliyeuliza maana yake ni mkimbizi mwingine. Salome Gluecksohn alizaliwa Danzig mwaka 1907 katika familia ya Kiyahudi, akasomea Freiburg kwa Hans Spemann, bingwa wa elimu ya viinitete wa zama zile. Ni katika maabara ya Spemann ambako Hilde Mangold, kijana aliyekuwa bado anaandika tasnifu yake, alitoa kipande kidogo kutoka kwenye ukingo wa tundu la kiinitete cha mjusi-maji na kukipandikiza katika kiinitete kingine, na ubavuni mwa mwenyeji kukaota mwili wa pili mzima. Matokeo yalichapishwa mwaka 1924. Mangold alifariki mwaka huohuo kwa kuungua moto jikoni. Spemann alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1935.

Gluecksohn alipata shahada yake ya udaktari mwaka 1932. Mwaka uliofuata Hitler alishika madaraka, na yeye na mumewe, mwanakemia Rudolf Schoenheimer, wakaondoka. Mume alipata kazi Columbia. Mke alikaa bila maabara hadi mwaka 1936, Dunn alipomkaribisha kufanya kazi kwake, mwanzoni bila mshahara. Dunn alikuwa na panya wengi wenye kasoro na hakuwa na mtu aliyebobea katika viinitete. Mwanamke huyu alikuwa na ujuzi wote wa Freiburg na hakuwa na mahali pa kuutumia. Alidumu pale miaka 17 na Columbia haikumpa uprofesa. Cheo hicho alikipata alipohamia chuo kipya cha udaktari cha Albert Einstein, huko Bronx, mwaka 1955. Haikuwa haki, na haifai kuipaka rangi.

Alichokuja nacho kutoka Freiburg ni namna ya kuuliza. Spemann aliweza kukibana kiinitete cha mjusi-maji kwa unywele wa mtoto mchanga na kukikata kwa sindano ya kioo, kwa kuwa kiinitete hicho hukua majini, wazi mbele ya mchunguzi. Kiinitete cha panya kimejificha ndani ya mfuko wa uzazi na hakikubali kisu. Gluecksohn aliona kwamba jeni iliyoharibika ni kisu chenyewe: imekwisha kukata, tena mahali palepale kila mara, na kazi ya mtafiti ni kufuata jeraha kurudi nyuma hadi siku lilipoanza. Ikiwa notokodi haipo na uti wa mgongo haupo, basi huenda cha pili kimekosekana kwa sababu ya cha kwanza. Mwaka 1938 alichapisha uchunguzi wake juu ya panya wasio na mkia, na mwaka 1944 akaenda mbali zaidi: alivitoa viinitete vya T kwa mama zao na kuvipandikiza ndani ya mayai ya kuku yenye vifaranga vinavyokua, ili avitazame vikikua nje ya tumbo lililoviua. Wakati ule elimu ya urithi na elimu ya viinitete zilikuwa majirani wasiosalimiana. Yeye alizikalisha meza moja.

Aliishi miaka 100, hadi 2007. Mwaka 1993 Marekani ilimpa Nishani ya Taifa ya Sayansi.

Miongo iliyofuata haikuwa na nuru nyingi. Karibu na T, Dunn na wenzake waligundua jamii nzima ya mabadiliko mengine waliyoyapa herufi ndogo t, na tabia zake zilimchanganya kila aliyezigusa. Panya dume mwenye nakala moja ya t anaweza kuirithisha kwa zaidi ya asilimia 90 ya watoto wake, badala ya nusu. Ziliibuka nadharia nyingi, baadhi zikaungwa mkono na maabara kubwa, kisha zikaporomoka. Mwishowe ilibainika kwamba t si jeni moja bali ni kipande kirefu cha kromosomu ya 17 kilichogeuzwa kichwa chini miguu juu sehemu kadhaa, kikarithiwa kama furushi moja. Kulifungua furushi kulichukua muda mrefu, na mpaka hapo T yenyewe ilikuwa bado herufi tu. Hakuna aliyejua imetengenezwa kwa nini wala inafanya nini.

Jibu lilipatikana mwaka 1990. Timu ya Bernhard Herrmann na Hans Lehrach ilikuwa imeisogelea jeni hiyo hatua kwa hatua kwenye kromosomu ya 17, kipande kwa kipande cha DNA, hadi ikaishika. Ilikuwa miaka 63 tangu makala ya Paris. Jeni ilitoa maelekezo ya kutengeneza protini yenye asidi amino 436, na protini hiyo haikufanana na yoyote iliyojulikana. David Wilkinson na wenzake walipotafuta mahali inapofanya kazi, walikuta inawaka katika sehemu mbili: kwenye mfereji wa nyuma wa kiinitete, ambako seli huingia ndani kuunda tabaka la kati la mwili, na kwenye notokodi. Ni zile sehemu mbili alizozikuta Chesley zikiwa zimeharibika, kwa hadubini na vipande vyake vya mwaka 1935.

Penny Rashbass na Rosa Beddington, pamoja na Herrmann na wenzao, wakaonyesha hatua iliyofuata. Walitengeneza viinitete mchanganyiko, vyenye seli nzima na seli zisizo na T pamoja, wakatazama zinavyokwenda. Seli nzima zilipita kwenye mfereji na kuendelea na safari. Seli zisizo na T zilifika, zikakwama, zikarundikana nyuma. Kasoro ilikuwa ndani ya seli zenyewe. Mwaka 1993 ikathibitika kwamba protini ya T hujishikiza kwenye DNA, mahali maalumu, na baadaye kwamba huwasha jeni nyingine. Hailijengi tabaka la kati kwa mikono yake. Inatoa amri, na jeni nyingi zilizo chini yake zinatekeleza. Jeni za namna hii ndizo zinazouongoza mwili wa mamalia tangu mimba ikiwa changa, na T ni miongoni mwa za kwanza kufahamika kwa kasoro, muda mrefu kabla hazijafahamika kwa kemia.

Ikaonekana pia kwamba haiko peke yake. Sehemu ile ya protini inayoshika DNA ilikutwa katika jeni nyingine, za inzi, za chura, za binadamu. Mamalia wana 17 za ukoo huo. TBX5 huongoza uundaji wa moyo na mikono, na mwaka 1997 iligunduliwa kwamba ndiyo inayoharibika kwa watu wenye ugonjwa wa Holt-Oram, ambao huzaliwa na kasoro za moyo na za mkono kwa pamoja. Kwa miaka mingi madaktari walikuwa wakishangaa moyo na kidole gumba vinahusiana vipi. Vinahusiana kwa sababu vinapokea amri kutoka kwa bwana mmoja.

Na binadamu, je, asiye na mkia? Kiinitete cha mtu huwa na mkia. Huonekana wazi katika wiki ya 5, kisha hurudi ndani, na kinachobaki ni kifandugu, pingili chache zilizoungana chini ya mgongo. Bo Xia, mtafiti kijana wa New York, alianza kukifikiria kifandugu baada ya kuumia chake mwenyewe. Yeye na wenzake walilinganisha jeni zinazohusika na mkia, nyani kwa binadamu, ngedere kwa sokwe, na matokeo yao yalichapishwa katika jarida la Nature mwaka 2024. Ndani ya T ya binadamu, ambayo leo huitwa TBXT, kuna kipande cha DNA cha herufi zipatazo 300, cha aina inayoitwa Alu. Vipande vya Alu vimetapakaa katika kromosomu zetu kwa nakala zaidi ya milioni moja, na vingi havionekani kufanya lolote. Hiki kinafanya. Sokwe, gorila, orangutangu, giboni na binadamu wote wanacho. Tumbili na nyani wenye mkia hawana. Kikijikunja na kushikamana na Alu nyingine ya zamani iliyo jirani yake, sehemu ya 6 ya jeni inarukwa, na seli inatengeneza protini iliyopungua. Panya waliobadilishwa jeni wapate protini ya namna hiyo walizaliwa na mikia mifupi, au bila mkia kabisa.

Watafiti hao wanakadiria kipande hicho kiliingia miaka milioni 25 hivi iliyopita, na hapo Afrika Mashariki ina ushahidi wake. Katika kisiwa cha Rusinga, Ziwa Victoria, upande wa Kenya, Mary Leakey alipata mwaka 1948 fuvu la nyani-mtu wa kale ambaye sasa huitwa Ekembo, aliyeishi miaka ipatayo milioni 18 iliyopita. Mwaka 2004 Masato Nakatsukasa na wenzake walichunguza pingili ya mwisho ya nyonga ya mnyama huyo. Mwisho wake umechongoka kama wa sokwe, bila nafasi ya kubeba mkia. Mawe ya Rusinga na herufi za DNA zinasema kitu kimoja.

Katika utafiti wa New York kulikuwa na jambo jingine, na ni hilo linalonifanya niandike habari hizi kwa wasomaji wasio wanasayansi. Baadhi ya panya waliobadilishwa walizaliwa uti wa mgongo haujafunga, kasoro inayofanana na ile tunayoiita mgongo wazi. Watafiti wanadhani babu zetu walipopoteza mkia huenda walilipia kwa hatari hiyo. Ni dhana, na mgongo wazi kwa watoto wetu una sababu nyingi zinazochangamana. TBXT haistahili kulaumiwa kwa kila mtoto. Lakini wakati wa hatari unajulikana. Mfereji wa neva wa kiinitete cha binadamu hufunga ifikapo siku ya 28 hivi baada ya mimba kutunga. Siku hiyo hedhi imechelewa wiki mbili tu, na wanawake wengi hawajaenda kliniki, pengine hawajajua kama wana mimba.

Mwaka 1991 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilitangaza matokeo ya majaribio yaliyofanyika katika nchi saba kwa wanawake waliowahi kupata mimba yenye kasoro hiyo. Asidi ya foliki, ikitumiwa kabla ya mimba na katika wiki zake za mwanzo, ilipunguza uwezekano wa kasoro kujirudia kwa asilimia 72. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mwanamke anayetarajia kushika mimba ameze mikrogramu 400 kwa siku, aanze kabla, aendelee hadi wiki ya 12. Waliokwisha kupata mtoto mwenye mgongo wazi huhitaji dozi kubwa zaidi, kwa ushauri wa daktari. Unga wa viwandani wa Kenya na Tanzania unatakiwa kisheria kuongezwa foliki; unga wa mashine ya mtaani kwa kawaida hauna. Kama wewe au mkeo mnapanga kupata mtoto, nendeni kituo cha afya mkaulizie vidonge hivyo sasa, kabla ya mimba. Kusubiri kadi ya kliniki ni kuchelewa.